Mpimaji na Veranda Yetu

Alinipiga kofi kabla hajaniuliza jina langu. Nilikuwa nimeegemeza pasi ya makaa kwenye nguzo ya veranda, pale pale ambapo mwanamke aliyenifundisha kushona alikuwa akiegemeza yake miaka yote, na ile nguzo ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Huyo aliyenipiga alikuwa anashuka ngazi kutoka chumba chake cha juu. Akaona moshi mdogo, akaja, akanipiga, kisha akapiga magoti mbele ya nguzo na kuipapasa kwa kiganja, kama mtu anayemgusa mtoto kwenye paji la uso kujua kama ana homa.

"Hii mbao," akasema bila kunitazama, "ilisimama hapa kabla mama yako hajaota meno."

Mji wa Kisii ulimwita Mpimaji. Mbele yake tulimwita Tata, kama unavyomwita baba, kwa sababu alikuwa na umri huo na kwa sababu tulimwogopa. Sikuwahi kujua alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani, na mimi si mtu wa kuuliza. Niliyoyajua ni yale niliyoyaona nikiwa nimeinama kwenye cherehani, na mtu aliyeinama kwenye cherehani huona mengi, maana hakuna anayekumbuka kwamba ana macho.

Nieleze kwanza mahali penyewe. Yalikuwa maduka sita yaliyoshikana chini ya paa moja la mabati, yamejengwa na familia za Kihindi zamani sana, kuta za mawe ya kuchongwa, milango ya mbao ya kukunja. Mbele yake ilipita veranda moja ndefu yenye nguzo za mbao, na juu, ukingoni mwa paa, kulikuwa na mbao zilizotobolewa nakshi za maua. Nyingi zilikuwa zimeoza. Wenye maduka walikuwa mchanganyiko: familia ya Kihindu iliyouza vitambaa, familia ya Kiislamu iliyouza misumari na rangi, na wengine Wakisii wenzetu walionunua baadaye.

Sisi wa veranda tulikuwa saba. Wanne tulishona, mmoja alitengeneza saa, mmoja aliuza ugoro, na kwenye kona alikaa fundi viatu. Mteja aliingia kwa mama wa duka la vitambaa, akachagua kitambaa, akakatiwa, akatoka nacho hatua tatu na kukuta cherehani. Hakuna aliyenunua kitambaa akaenda nacho nyumbani. Ndivyo duka lile lilivyokuwa, nusu yake ndani na nusu yake nje. Mama wa vitambaa mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi nauza kipande, binti anauza nguo."

Mpimaji alipanga chumba juu ya duka hilo, na kazi yake ilikuwa kupima nyumba ambayo hakuna aliyemtuma aipime.

Alianza asubuhi na mapema. Alikuwa na tepu ya chuma, fito ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila kitu alikipima mara mbili, na hesabu zikikataana alitukana kwa Kikisii, matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha akaanza upya. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Tulipomzibia njia alisema tu, "Inueni," nasi tukainua meza zetu na cherehani zetu hadi apite.

Fundi viatu peke yake ndiye aliyethubutu kumtania.

"Tata, leo nyumba imekua?"

"Wewe shona kiatu."

"Nauliza tu. Jana uliipima, leo unaipima. Labda inanyonya."

Sisi tuliuma midomo tusicheke. Mara moja nilimwona Mpimaji mwenyewe akigeukia ukutani, na mabega yake yakitikisika.

Lakini siku nyingine mzaha kama huo ungemtoa mtu damu. Kijana mmoja alichora jina la msichana wake kwa msumari kwenye mlango wa duka la rangi. Mpimaji alimshika vidole vile vilivyoshika msumari, akavikunja nyuma mpaka kijana akalala chini. Akamwambia, "Futa." Kijana akalia kwamba haiwezi kufutika. "Basi sasa unajua," akasema, akamwachilia.

Na kulikuwa na dereva wa lori. Alikuwa anarudi nyuma kushusha sukari, na mkia wa lori ukagusa veranda. Nguzo moja ililia tu, haikuvunjika. Mpimaji alipanda kwenye lori, akamvuta dereva kwa shati, akamtoa kwa dirisha, naam, kwa dirisha, mtu mzima mwenye tumbo, na wakaanguka wote wawili barabarani. Akampiga usoni mpaka sura haikujulikana. Utingo akaja na spana ya magurudumu, akampiga Mpimaji kichwani mara mbili. Nilisikia mlio wake, kama mtu anapasua kibuyu. Akainuka hivyo hivyo, damu ikimziba jicho, akaenda kutazama nguzo. Tangu siku hiyo alikuwa na kovu ambalo nywele hazikuota, na aliinamisha kichwa upande mmoja alipokuwa anasoma.

Watu waliuliza kwa nini hakukamatwa. Alikamatwa, mara nyingi. Alirudi kila mara amevimba, akapanda ngazi, na kesho yake akashuka na tepu.

Kompyuta yake ililetwa ikiwa imefungwa blanketi mbili. Mpaka wakati ule wengi wetu tulikuwa hatujaiona ila kwa picha. Kijana aliyeileta kutoka Nairobi alikaa siku mbili kumfundisha Mpimaji namna ya kuchora ndani yake, na siku ya pili tukasikia vishindo, kijana akashuka ngazi kwa makalio. Fundi wa saa alimsaidia kuinuka. Kosa lake lilikuwa hili: alikuwa amemwonyesha Mpimaji namna ambavyo ile mashine inanyoosha mistari yenyewe.

"Nyumba imepinda," Mpimaji alikuwa akisema pale juu ya ngazi. "Mawe yamekaa, yameshuka, yamelala kidogo upande wa mtoni. Ukiinyoosha umechora nyumba nyingine. Hiyo yako haiko Kisii."

Stima ilipopotea kabla hajahifadhi kazi, alivunja kiti. Ilipopotea mara ya pili katika wiki moja, alivunja kingine, na kuanzia hapo akawa anasimama. Lakini mashine yenyewe hakuigusa kwa hasira hata siku moja. Alinawa mikono kabla ya kukaa nayo. Aliizungumzia kwa sauti ya chini, Kikisii kitupu, maneno ambayo kwetu mtu humwambia ng'ombe anayezaa.

Siku moja aliniita juu. Nilipanda nikiwa nimeshika mkasi, maana sikujua ananiitia nini. Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta.

"Moiseke," akasema, akiniita msichana kwa Kikisii, "wewe una jicho la kushona. Tazama hapa. Huu ukingo na ule, zinafanana?"

Kwenye kioo kulikuwa na ua moja la nakshi ya mbao, limechorwa kwa mistari ya kijani. Nilitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba petali la kushoto limezidi. Akapima upya, akakuta ni kweli, na akanipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Hakusema asante. Alisema, "Wenye macho ni wachache." Nilishuka nikiwa na furaha ambayo niliionea aibu, kwa sababu shavu langu bado lilikumbuka mkono wake.

Shabaha ya yote haya ilijulikana mmoja wa wenye maduka alipotaka kubomoa. Alikuwa amenunua duka la pembeni mwaka uliotangulia, na alitaka wenzake wakubali kuangusha yote sita na kusimamisha jengo la ghorofa nne. Wengi walikuwa wamekwisha kukubali. Mpimaji aliomba siku moja tu ya kuwaonyesha kitu.

Kompyuta ikashushwa, ikawekwa juu ya kaunta ya vitambaa. Wenye maduka wakakaa juu ya magunia na viti vya plastiki. Sisi wa veranda tulichungulia mlangoni.

Aliwaonyesha mtaa wao mara tatu. Kwanza kama ulivyokuwa ulipojengwa, kwa hesabu ya mashimo ya misumari na alama za mbao zilizobaki. Kisha kama ulivyo leo, kila ufa mahali pake, kila bati lililotoboka. Kisha kama utakavyokuwa ukitengenezwa. Alibonyeza, na nguzo zilizooza zikatoka, mpya zikaingia. Alibonyeza, na maua ya mbao yakazunguka ukingo wote wa paa, lile petali nililolisema likiwa limerekebishwa. Alizungusha nyumba nzima kama mtu anavyozungusha chungu mkononi. Mzee wa duka la rangi alisimama, akakaribia, akaweka kidole kwenye kioo juu ya dirisha moja.

"Hapa nililala nikiwa mdogo," akasema. "Nilisahau kulikuwa na dirisha."

Hapo mambo yakageuka. Walikubaliana kutengeneza, wala wasibomoe. Mama wa vitambaa alilia. Sisi mlangoni tulipiga makofi, mimi pia.

Ni fundi viatu aliyeacha kupiga makofi kwanza. Alikuwa amesukuma kichwa chake kati ya watu, anatazama ile picha ya tatu, na ile ya pili.

"Tata," akasema. "Sisi tuko wapi kwa hii picha?"

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake wa kawaida.

"Nauliza kweli. Hapa ni kwangu, hii kona. Sioni sanduku. Sioni meza za hawa. Umesema hii ni nyumba vile iko leo."

Mpimaji alikuwa anakunja waya. "Nyinyi si nyumba," akajibu.

Fundi viatu akarudisha kichwa chake nyuma ya watu, akaenda kukaa juu ya sanduku lake.

Walikuja asubuhi ya siku ya soko, kabla wateja hawajajaa. Vijana wa kukodishwa, kama ishirini, wengine wakinuka chang'aa saa hizo. Walikuwa na rungu, mitaimbo, na mbao zilizobaki na misumari. Mbele yao alitembea yule mwenye duka la pembeni, na mkononi alikuwa na karatasi. Niliitambua. Ilikuwa ile picha ya pili, iliyochapwa, yenye sahihi ya Mpimaji na maneno "Kama ilivyo leo."

"Kila kitu ambacho hakiko hapa, toa," akawaambia.

Walifanya kama kazi ya ofisi. Kiongozi wao alishika karatasi, akatazama meza, akatazama karatasi. "Meza iko? Haiko. Toa." Na meza ikapasuliwa kwa mitaimbo. Sanduku la kioo la fundi wa saa lilipigwa teke, na saa zikamwagika, na wakazikanyaga, nyingine bado zinatembea. Mzee wa ugoro alisukumwa kwenye ngazi kwa uso. Mimi nilikumbatia cherehani. Sikufikiri, nililala juu yake kama mtu anayemfunika mtoto. Mmoja alinipiga mkono kwa rungu mara moja, nikasikia mfupa. Wakaichukua cherehani na kuitupa barabarani, na kichwa chake cha chuma kikakatika.

Fundi viatu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. "Mimi nimebaki," akawaambia. "Kama siko kwenye picha, nichoreni."

Walimpiga kwa mbao ya msumari. Wa kwanza alimpiga shingoni, wa pili kichwani. Alianguka kwenye ukingo wa jiwe, na walizidi kumpiga akiwa chini, wakipokezana, mpaka mikono yake ikaacha kujikinga.

Hapo ndipo niliinua macho. Mpimaji alikuwa kwenye dirisha la juu, mikono nyuma, anatazama. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Nilimwona, naye aliniona. Hakusogea.

Rafu ya fundi viatu ilikuwa imepigiliwa kwenye nguzo ya kona. Kijana mmoja alijaribu kuing'oa, ikakataa, akachukua nyundo kubwa na kupiga nguzo yenyewe.

Mpimaji alishuka ngazi sijui kwa hatua ngapi. Alikuja na fito yake ya chuma. Mwenye nyundo alipigwa kwenye mtulinga, nikaona bega likishuka kama mfuko uliokatika kamba. Wa pili alipigwa mdomoni, na alitema meno. Alipigana na watu wanane bila kupiga kelele, na waliomshinda walimshinda kwa wingi tu. Walimlaza, na mmoja akachukua ile nyundo na kumvunja goti.

Mama wa vitambaa alinivuta ndani kwa nguo, akafunga mlango wa mbao, akaweka mgongo wake juu yake wakati wao wanaupiga mateke. "Kaa chini, binti, kaa chini," alirudia. Kisha tukasikia mawe juu ya mabati. Watu wa soko walikuwa wamekuja. Vijana walikimbia, ila mmoja alishikwa, na sitaandika alichofanyiwa.

Tulipofungua mlango, Mpimaji alikuwa ametambaa hadi kwenye nguzo. Mguu wake ulielekea pasipofaa. Alikuwa ametoa tepu, na alikuwa anapima shimo lililoachwa na nyundo. Hatua mbili kutoka kwake fundi viatu alikuwa amelala, anakoroma damu. Mpimaji hakugeuka kumtazama.

Fundi viatu alikufa siku ya tatu, hospitalini.

Watu husema mtu mkali ni mkali kila mahali. Kwa Mpimaji haikuwa hivyo. Siku ya mazishi alikuja, upande wa Nyamira, amejiegemeza kwenye mikongojo miwili, amevaa koti. Wana wa fundi viatu walimpokea kwa ubapa wa panga. Walimpiga mgongoni na mabegani, wakampokonya mkongojo mmoja na kumpiga nao. Nilingoja aanze. Nilijua mikono ile. Alisimama tu, akayumba, akasimama tena, mpaka wazee wakawazuia. Kisha akaokota mkongojo wake, akaondoka polepole kupitia kwenye majani ya chai, na hakuna aliyemsindikiza.

Mtaa ulitengenezwa. Lazima niseme ukweli, ulipendeza. Mafundi walifuata vipimo vyake hata kwa unene wa kidole, maua ya mbao yalirudi, lile dirisha la mzee wa rangi lilifunguliwa. Wageni walikuja kupiga picha. Mwaka haukuisha kabla mama wa vitambaa hajaanza kulalamika: mteja anashika kitambaa, anauliza, "Fundi yuko wapi?" akiambiwa hayupo, anakiweka. Veranda ilikuwa safi, tupu, na ilitoa mwangwi ukipita.

Sisi tulienda soko la Daraja Mbili. Nilinunua cherehani kuukuu, nikawa napunguza suruali za mitumba chini ya turubai la nailoni, matope yakifika kwenye kanyagio. Mkono wangu ulipona vibaya. Nikishona kola mpaka leo huwa napumzika mara mbili. Pale nilimwona mwizi wa kuku akichomwa, hatua kumi kutoka kwangu, na niliendelea kushona, kwa sababu mteja alikuwa anangoja. Nikajua kwamba nimeanza kuwa mtu mwingine, na nikataka kurudi kwenye veranda yetu kuliko kitu chochote duniani.

Wakili mmoja alikubali kutusaidia. Alituambia tatizo letu kwa lugha rahisi. Wenye maduka, wakiongozwa na yule wa pembeni, walikuwa wanasema hatukuwahi kuwa na mahali pale. Tulikuwa wapita njia. Ushahidi wao ulikuwa ile picha. Ilikuwa na vipimo, ilikuwa na tarehe, ilisema "Kama ilivyo leo," na hatumo. Mama wa vitambaa alikuwa tayari kusema tulikuwepo, lakini neno lake lilikuwa moja dhidi ya matano.

"Nileteeni karatasi," wakili akasema. "Karatasi yoyote ya kabla ya siku ile, yenye nyinyi ndani. Nikiipata hawana la kusema. Nisipoipata, sina la kusema mimi."

Wenzangu walinitazama mimi. Waliniambia, wewe ndiye aliyewahi kunywa chai yake.

Alikuwa anakaa Sironga, kwa binti yake, karibu na shule ambako stima ilifika. Binti alinipokea uani, akipepeta wimbi. Nilimwambia nimetoka Kisii. Alinitazama mkono.

"Wewe ni wa veranda," akasema. "Ingia. Yuko."

Kisha, kama mtu aliyesikia ambacho sikusema, akaongeza: "Mimi hajawahi kunipiga. Hata kunikaripia. Watu wa mjini wakinieleza nasikia kama ni mtu mwingine."

Alikuwa amekonda. Goti halikukunjika, kwa hiyo alikaa na mguu umenyooka juu ya gunia la mahindi. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa, na kando yake printa.

"Tata, nimetumwa na wakili," nikasema.

"Nilifikiri atakuja yule wa saa. Yeye ana mdomo."

"Nimekuja mimi."

Alifunua kitambaa. Mashine ilichukua muda kuamka. Kisha akaniambia nisogee.

"Mchoro hauko kwenye karatasi moja humu ndani," akasema. "Ni kama karatasi nyingi za plastiki, zile unaona hadi upande wa pili, zimewekwa moja juu ya nyingine. Zinaitwa matabaka. Hapa nimechora kuta peke yake. Hapa mbao. Hapa mabati. Unaweza kuwasha moja na kuzima nyingine. Ukizima, haifutiki. Haionekani tu."

Akabonyeza, na veranda yetu ikatokea, tupu kama ninavyoijua sasa. Akabonyeza tena.

Tulikuwa mle. Sote saba. Meza yangu ilikuwa pale, na ndani yake umbo la cherehani, na kando vipimo vyake kwa inchi. Kigoda changu. Kikapu cha makaa. Sanduku la kioo la fundi wa saa. Kwenye kona, sanduku la fundi viatu, rafu yake, na misumari yake kumi na mmoja ya kutundikia, kila mmoja umewekewa nukta. Nilihesabu. Ilikuwa kumi na mmoja.

"Ulitupima lini?"

"Jumamosi, siku yenu ya Sabato. Mkiwa kanisani."

"Vyote?"

"Tepu ikipita haichagui."

Nilisikia sauti yangu ikitoka, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyozoea. "Kwa nini ulituzima?"

Huko nje binti aliacha kupepeta.

"Wangewatazama nyinyi," akasema. "Wangeona meza, matambara, viatu vya watu, wangesema huu ni uchafu, tubomoe. Nilitaka waone nyumba. Na waliiona. Nyumba imesimama."

"Ulijua watatutoa?"

"Nilijua watawatoa. Sikujua watawapiga." Alitazama goti lake. Kisha akasema, "Hapana. Nilijua."

Nilimwambia anichapie. Alisogeza mkono kwenye kibodi, kisha akausimamisha, akaelekeza kidole pembeni mwa kioo. "Soma kwanza."

Pale pembeni kulikuwa na orodha ya majina ya matabaka, moja chini ya jingine, na tarehe mbele ya kila moja. Nilisoma polepole, jinsi ninavyosoma kila kitu. KUTA. MBAO. MABATI. TAKATAKA.

La nne ndilo lililokuwa letu. Tarehe yake ilikuwa ya miezi miwili kabla ya siku ile.

"Badilisha hilo jina," nikasema.

"Nikiligusa tu, mashine itaandika tarehe ya leo. Wakili wao atasema tumechora jana, wewe na mimi."

"Basi lisichapwe."

"Likikosekana jina, tarehe pia inakosekana. Ni kama lilivyo, au hakuna."

Nilifikiri juu ya mke wa fundi viatu, ambaye angeiona hiyo karatasi mbele ya watu, na wanawe. Nilifikiri juu ya fundi wa saa akiisoma kwa sauti, yeye husoma kila kitu kwa sauti. Mkongojo wa Mpimaji ulikuwa umeegemezwa mezani, karibu na mkono wangu mzima. Ulikuwa mti mzito. Alinifuata macho, akaona nilichokuwa natazama, wala hakuusogeza.

"Ukitaka kupiga, piga," akasema. "Lakini subiri karatasi itoke."

"Chapa," nikasema.

Printa ilianza kulia, ile sauti ya kukwaruza, ikienda na kurudi, mstari kwa mstari. Kona ilitoka kwanza. Sanduku, rafu, misumari. Kisha sisi wengine, mmoja mmoja, meza baada ya meza. Lile neno lilitoka mwisho, chini, pamoja na tarehe yake. Akachukua kalamu, akatia sahihi, na bila kuambiwa akaandika chini yake kwa mkono: "Haya yalikuwepo. Niliyazima mimi." Kisha akaiweka kalamu, akakaza mikono juu ya mapaja, akafumba macho.

Karatasi ilikuwa ndefu, ya kuungana, wino bado mbichi, na ingeburuta sakafuni kama ningeishika kwa mkono mmoja. Nikaishika kwa miwili.

Nilipofika mlangoni nikageuka. Alikuwa bado amefumba macho, amenyoosha shingo kidogo, anangoja.